Landrover 109 kama gari ya kwanza kufufua nyumbani: nimekaa nayo mwaka na nusu, haya ndo ya kwangu

Niseme mapema ili wenye haraka wapite. Kama unatafuta gari ya zamani ya kwanza uifufue mwenyewe uwani kwako, Landrover 109, ile ndefu (109 ni inchi kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma), ndo ningekwambia chukua, sijaona ya kuizidi, ila mimi niliinunua vibaya, na niliinunua vibaya kwa sababu nilisikiliza injini badala ya kulala chini nikaangalia chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari nzima.

Niko Arusha, na Arusha hata ufumbe macho Landrover utaisikia tu. Oktoba 2024 walipofanya lile tamasha la Landrover hapa mjini nilisimama barabarani na mwanangu tunaangalia zinavyopita, mpya, za watalii, za polisi, kila aina, alafu akapita babu mmoja na ya kizamani kabisa ya kijani, kioo cha mbele amekilaza juu ya boneti, anaendesha taratibu kama mtu anaenda shamba kuangalia maharage. Mtoto akaniuliza baba hiyo ni ya mwaka gani, nikasema sijui, lakini usiku sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilishakuwa nasumbua madalali.

Kabla sijafika kwenye Landrover niliangalia na nyingine. Pijo 504 niliipenda sana, ndo gari iliyokuwa kwa baba mdogo, na historia inayo, imeshinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Shida yake ile saluni bodi na chesisi ni kitu kimoja, chini ikioza umeozewa na gari nzima, sasa kwa mtu ambaye hajawahi kushika mashine ya kuchomelea hapo ni kujitakia. Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo nzuri, injini unaishusha na jeki na mtu mmoja wa kusaidia, lakini nilizoziona zilikuwa ama mbovu kupita kiasi ama mwenye nayo anataka hela ya kiwanja.

Landrover imekaa kama mekano, ule mchezo wa watoto wa kuunga vyuma kwa bolti. Madigadi yanafunguka kwa bolti, milango kwa bolti, paa kwa bolti, sehemu ya kuketi inatoka nzima. Ukifungua boneti ile injini ya lita 2.25 imekaa katikati peke yake na pembeni kuna nafasi ya kuweka miguu, nilikuwa nasimama humohumo ndani nafanya kazi. Na bodi ni alumini, kwa sababu wakati Rover wanaitengeneza Uingereza vita ya pili ndo imetoka kuisha, chuma kilikuwa kwa mgao, alumini ipo, ndo wakatumia hiyo, wakaionyesha mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Ndo maana watu wanakwambia Landrover haioti kutu. Msikilize anayekwambia hivyo alafu mwambie alale chini ya gari yake, maana chesisi ni chuma, ule ukuta wa mbele kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, fremu za ndani ya milango ni chuma, na pale alumini inapogusana na chuma pakiingia maji vinakulana, unakuta unga mweupe pembeni ya bolti kama chumvi.

Ya kwanza niliyokwenda kuiona ilikuwa Usa River, fupi, ile 88. Aisee ile gari hadi leo naiwaza. Chesisi safi, imekaa bandani miaka, kuku wanatagia kwenye kiti. Bei ya kawaida. Nikaomba kadi, kadi ina jina la marehemu mzee wao. Nikauliza mirathi ilifunguliwa? Wakaangaliana. Mmoja akasema hiyo siyo shida, sisi wote watoto wake tupo hapa, mwingine akasema hatupo wote, wa Tanga hajaambiwa. Nikaaga. Bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama hakuna mtu pale mwenye haki ya kuniuzia hata tairi, ningelipa, ningetengeneza, alafu siku inang'aa huyo wa Tanga anatokea na karatasi yake. Watu wananiambia nilikosea kuiacha, kwamba ningewavumilia wakafungue mirathi. Labda. Ila kwa kilichonikuta baadaye bado nasema chesisi inachomelewa, kadi haichomelewi.

Ya pili ndo hii. Njia ya Monduli, Series III (toleo la tatu la hizi Landrover za zamani) ndefu, pikapu, kadi ina jina la mwenyewe na mwenyewe yuko hai amesimama mbele yangu amevaa kofia ya sufu jua la saa saba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na hela au umekuja kupiga picha?"

Nikacheka, nikasema vyote. Betri hana. Akaingia ndani akatoka na hendeli, ile ya kuzungushia mbele. Akaniita nisogee, akanionyesha mkono: kidole gumba weka upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie kwenye chuma, ikirudisha inakuvunja. Akavuta juu mara moja, nusu mzunguko tu, ikawaka. Ikakaa inasema tuku tuku tuku, moshi hamna, mzee ananiangalia hana hata jasho. Nilikuwa nimeshanunua pale pale, hata kama mdomo ulikuwa bado unapunguziana. Alitaka milioni 9, tukaishia 7 na nusu, tukaandikiana mkataba kwa wakili, TIN yangu TIN yake, kila kitu sawa. Nikauliza breki je? Akasema zinataka kupigwa pampu kidogo. Ikaletwa nyumbani juu ya Canter maana hapakuwa na cha kupiga pampu, mafuta ya breki yalishakauka tangu lini sijui.

Jumamosi ya kwanza nikatoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu nikaingia chini. Hii mbinu nilisomewa na jirani yangu na ningeijua wiki moja kabla ningeokoa hela. Sumaku inashika chuma, puti (lile dongo la kuzibia kabla ya rangi) haishiki. Nikaanza mbele, inanasa vizuri. Katikati inanasa. Nikafika nyuma, karibu na pale springi inaposhikia, nikaachia mkono ikaniangukia kifuani. Nikairudisha, ikaanguka tena. Nje rangi nyeusi nzuri kabisa, imepakwa karibuni, hata mavumbi haina. Nikachukua nyundo ndogo. Ting. Ting. Ting. Dup. Nyundo ikazama hadi kwenye mpini, na pale kwenye tundu ukaanza kumwagika udongo mwekundu mkavu, kama unga unavyotoka kwenye gunia lililotobolewa na panya. Chesisi ya Landrover ni boksi, ndani ina uwazi, matope yanaingia miaka na miaka yanakaa humo yanashika unyevu, chuma kinaoza kuanzia ndani kuja nje, ukikiona nje kimeshakwisha. Nilizoa karai moja na nusu. Mama watoto akaja kuchungulia akauliza hiyo ndo injini?

Simlaumu yule mzee sana. Labda na yeye alipakiwa hiyo puti na fundi wake. Ila nawaambia ninyi, nendeni na sumaku na nyundo, na mwenye gari akikataa usigonge, mshukuru kwa chai mwondoke. Injini ya hii kitu isikubabaishe, ni chuma kizito cha kizamani, mafundi wanaijua usingizini, hata ikifa kabisa utapata nyingine. Chesisi ikiwa nzima umenunua gari, ikiwa mbovu umenunua spea zilizosimama pamoja.

Sasa fundi. Wa kwanza simtaji. Alisema wiki moja, ikawa mwezi na nusu, nimemnunulia gesi na waya za kuchomelea, siku moja nimepita bila taarifa nakuta anachomelea geti la mtu kwa gesi yangu, gari yangu iko pembeni imefunikwa turubai na paka kalala juu. Na viraka alivyokuwa ameanza kuweka ni bati jembamba la milimita moja, wakati chesisi yenyewe ni kama milimita 2. Nikaivuta ikarudi nyumbani. Wa pili nilimpata Unga Limited, mzee wa makamo hapendi kuongea, akaja na grainda akakata yote yaliyooza hadi akafika kwenye chuma kinachong'aa, nikawa naona kama ananimalizia gari, alafu akatengeneza boksi upya kwa bati la milimita 2, akachomelea kidogo kidogo huku na huku ili isijikunje, wiki mbili kazi imeisha. Kabla hajawasha mashine aliuliza kitu kimoja tu, tenki lipo? Kwenye hii pikapu tenki la petroli liko chini ya kiti cha dereva, na yule wa kwanza alikuwa anachomelea likiwa mahali pake. Mungu ni mkubwa.

Kitu cha pili ambacho sikuambiwa ni spana. Nilikuwa na seti nzuri ya namba 8 hadi 24, nikajiona fundi. Landrover hizi nati zake ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, unaweka spana ya 13 unaona imeingia, unavuta, inateleza kidogo, unavuta tena, nati imeshakuwa duara. Ile ya 9/16 ndo mbaya zaidi, 14 haiingii, 15 inacheza. Nimeharibu nati nne kabla sijaelewa. Nikaenda kwenye mtumba wa vyuma nikamkuta mama ana boksi zima la spana za inchi, hakuna anayeziulizia, elfu 25 nikabeba zote. Nunua spana kabla ya gari kama unaweza.

Breki nazo zina stori. Hizi 109 madramu ya mbele ni makubwa, inchi 11, kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, na hewa ikiingia humo haitoki kirahisi. Nimepump na mwanangu jioni tatu, yeye anakanyaga mi nafungua, pedo bado inakwenda hadi chini kama inakanyaga sponji. Yule mzee wa Unga Limited akaja akaangalia akasema umekaza konokono? Konokono ni kale kadude kenye umbo hilo hilo kanakosukuma brekishu karibu na dramu, unakazungusha kwa nje. Unazikaza zote hadi gurudumu haligeuki, pistoni zinabanwa hazina pa kwenda, ndo unatoa hewa, ukimaliza unalegeza upime nafasi yake. Dakika 40 pedo ikawa ngumu kama jiwe. Jioni tatu zangu zilipotea bure.

Kwenye usukani alinikataza jambo. Kuna kifaa kinaitwa rilei, kiko ndani ya chesisi mbele kabisa, kina springi kali sana ndani na mara nyingi kimeshagandana na chuma hakitoki hata kwa jeki. Kama hakichezi na hakivuji sana, mwagia oili kiache. Mi nimekiacha.

Umeme ulikuwa utumbo wa mbuzi. Kila aliyepita ameongeza waya wake, nyekundu imeunganishwa na ya spika imeunganishwa na ya simu ya mezani, juu kafunga mfuko wa nailoni. Nikang'oa vyote. Uzuri ni kwamba gari za Kiingereza za zamani rangi za waya zina mpangilio, nyeusi inakwenda bodi, kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inatoka swichi, kijani ni baada ya fyuzi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo. Ukishalijua hilo unafuata kama unasoma, mi si fundi umeme na nimefunga mwenyewe na hakuna kilichoungua, isipokuwa honi ambayo ililia yenyewe saa tisa usiku siku ya kwanza na majirani wanaikumbuka hadi leo.

Rangi nilikosea kwa ubahili. Alumini inataka praima yake inayoiuma ili rangi ishike, siyo ile ya kawaida. Kijana wa rangi aliniambia zote ni sawa kaka, nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Miezi minne mlango wa kushoto ukaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, unavuta linakuja refu. Nimerudia upande mmoja, mwingine unasubiri hela.

Hela sasa, maana najua mtauliza. Chesisi milioni 1 na laki 9 kwa yule fundi mzuri, aliyenichezea simhesabu nisije nikaumwa. Breki elfu 780. Waya na fyuzi na taa elfu 350. Radieta kuziba na mipira yake elfu 260. Tairi tano saizi 7.50-16 milioni moja na nusu, na hapo nilibembeleza. Rangi laki 9. Viti elfu 320. Ni milioni 6 na elfu 10 juu ya ile 7 na nusu ya kununulia, na hapo chakula cha mafundi, vocha, na soda za watoto wa mtaa waliokuwa wanashika tochi sijaandika. Spea nyingi za kawaida nimepata hapa hapa Arusha, vichache niliagiza Gerezani Dar vikaja na basi. Pointi na kondensa (vile vidude vya kupeleka cheche kwenye plagi) usichukue ya bei rahisi kabisa, niliwekewa feki nikazimikiwa katikati ya mzunguko pale mjini saa kumi na moja jioni, nilitukanwa kwa lugha ambazo sikujua zinaongelewa Arusha.

Kuiendesha je? Polepole. Kilomita 70 kwa saa inafurahi, 80 inalalamika, zaidi ya hapo humsikii aliyekaa pembeni yako. Lita moja ya petroli naipata kilomita 6 hivi, kwa hiyo usidanganyike kwamba utaiendea kazini kila siku. Usukani mzito ukiwa umesimama, ukitembea unakuwa mwepesi ila unauchezesha kidogo kidogo muda wote kama mtu anapepeta mchele. Gia za Series III zote nne za mbele zinaingia vizuri, siyo kama zile za kabla yake ambazo namba moja na mbili lazima ujue ngoma ya klachi. Alafu kuna virungu viwili, cha njano ukikibonyeza chini magurudumu ya mbele yanavuta, chekundu ukikivuta unapata gia za chini, mwezi wa nne mvua zile nilipanda nayo njia ya shambani kwa baba mkwe ambako Noah ya shemeji ilikuwa imelala siku mbili. Nilipita taratibu, sikusema kitu, baba mkwe kasimama barazani. Akasema tu, "Kumbe hiyo kitu inatembea." Miezi yote aliyokuwa anauliza lile bati lako utaliuza lini ilifutika hapo.

Nyota? Gari yenyewe naipa 4, nimekata moja kwa petroli na kelele. Manunuzi yangu nayapa 2. Kwa anayeanza ningesema hivi, tafuta Series III kwa sababu ya gia na kwa sababu dashibodi iko mbele ya dereva siyo katikati, ndefu kama una pa kuiweka maana difu yake ya nyuma ni kubwa na ngumu, injini isikutie presha, na usinunue siku ya kwanza hata ikiwaka kwa nusu mzunguko. Hasa ikiwaka kwa nusu mzunguko. Na usiwe nayo peke yake kama ndo usafiri wako, gari ya hivi ikikaa juu ya mawe miezi nane na wewe uko juu ya mawe hapo ndo watu wanauza kwa hasira, na kusema kweli hao wanaouza kwa hasira ndo wa kuwatafuta.

Milango bado inaingiza maji, mvua ya juzi mguu wa kulia ulilowa hadi soksi. Nimenunua mpira wa mlango mita sita, uko kwenye kiti cha abiria. Jumamosi kama hakuna msiba nafunga.